Mwenye Barakoa Aliyeanza Kusema

Nilimpenda kwa sababu hakuwa akisema. Hilo nataka lieleweke tangu mwanzo, maana wifi yangu mpaka leo anawaambia watu kwamba nilimpendea mabega.

Mimi ni mzaliwa wa Wambaa, nikaolewa Mkoani, na nyumba niliyoingia ilikuwa nyumba ya wasemaji. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi za wilaya. Akirudi kazini anasema, akila anasema, na akishanawa mikono anaanza upya yale aliyoyasema kabla hajala. Mama mkwe alisema na kuku wake. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa akishona nguo na aliweza kusema na pini tano mdomoni bila kuangusha hata moja. Na katika chumba cha uani alikaa bibi yao, mama mzaa baba, ajuza aliyezibwa macho na mtoto wa jicho. Huyo aliwashinda wote, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Kwetu Wambaa baba yangu aliweza kuimaliza siku kwa maneno matatu, na mawili katika hayo ni salamu. Basi miezi ya mwanzo ya ndoa yangu nilikuwa kama mgeni asiyejua lugha. Kila nikifungua kinywa, mtu kanitangulia.

Siku moja mama mkwe alitoa ruhusa, wifi akanichukua mjini Chake kutazama sinema ya wanawake. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la mbata, na harufu ya mbata haikuwahi kuhama. Alhamisi baada ya adhuhuri wanaume hawakuruhusiwa kuingia isipokuwa fundi wa mashine, naye alifungiwa chumbani kwake kama mfungwa. Mke wa mwenye ukumbi alisimama mlangoni akatutazama miguu mmoja mmoja, maana iliwahi kutokea mwanamme kujitia buibui akaponzwa na viatu vyake.

Picha za Kihindi zilikuwa na udhia wake. Wengi wetu Kihindi hatukijui. Palikuwa na mama mmoja wa Kihindi, mke wa muuza vitambaa, ambaye hukaa benchi la mbele akatufasiria. Akiwa na moyo, hufasiri kila neno. Akichoka, watu kwenye pazia la picha watasemezana mpaka machozi yawatoke, naye hugeuka akatuambia, "Wanagombana." Basi. Robo saa nzima ya kilio, sisi tumepewa neno moja.

Lakini siku ile hatukumhitaji. Shujaa wa picha alikuwa mtu aliyefunikwa macho kwa kitambaa cheusi, kama zile barakoa walizovaa mabibi wa kale, na wanawake papo hapo wakampa jina la Mwenye Barakoa. Jina la picha yenyewe lilikuwa la Kihindi na hakuna aliyelishika. Mwenye Barakoa hakusema neno toka mwanzo mpaka mwisho. Mnyonge akionewa, utamwona yuko juu ya ukuta, mikono kiunoni. Hupiga hatua tatu ndogo, kisha huruka, na risasi zinampita huku na huku. Palikuwa na mzee mchukuzi aliyelaliwa na gari la ng'ombe lililojaa magunia. Mwenye Barakoa alilishika gari kwa mkono mmoja akaliinua, kwa mkono wa pili akamvuta mzee, halafu akaliteremsha gari taratibu, asije akamwaga mzigo wa watu. Kule kuliteremsha taratibu ndiko kulikonimaliza. Hakungoja kushukuriwa. Akaenda zake.

Nilirudi Mkoani nimejaa. Wifi alichoka na safari akalala mapema, na bibi alipouliza kuna habari gani huko Chake, kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kunitangulia. Nikamsimulia. Bibi alinihoji kama hakimu.

"Gari kaliinua kwa nkono gani?"

"Wa kulia, bibi."

"Na ng'ombe? Ng'ombe walifanya nini?"

Sikuwa nimewatazama ng'ombe. Nikasema walisimama.

"Wallahi, hata ng'ombe walimjua ni ntu wa haki," akasema bibi, akaridhika.

Kuanzia hapo kila baada ya sala ya alasiri wanawake wa jirani walikuja uani kwetu kusuka ukili wa mikeka, na wakifika tu bibi huniita: "Mwanangu, njoo na Mwenye Barakoa wako." Nikakaa kitako, ukindu mkononi, nikasema, nao wakanyamaza. Nimeisimulia picha ile mara nisizoweza kuzihesabu. Nilijua wapi pa kusita, nilijua wapi bibi ataingia kati. Mimi niliyekuwa kimya nikawa na saa yangu katika nyumba ile, na saa hiyo nilipewa na mtu aliyekuwa kimya kunishinda. Sasa mnaona kwa nini nilikasirika.

Ikapita kama miaka miwili. Siku moja mume wangu akaja na habari kwamba bandarini pamebandikwa tangazo la picha mpya ya Mwenye Barakoa. Nilitupa mwiko. Nikamwomba kaka wa jirani anayefanya kazi bandarini alete karatasi moja kama zimebaki, akaleta. Ilikuwa na rangi nyekundu na manjano. Mwenye Barakoa alikuwa katikati, kiguu mbele, na kinywa kakiacha wazi.

"Kwa nini kafungua kinywa?" nikauliza.

Mume wangu akaitazama karatasi. "Labda anapiga miayo."

"Mtu hawezi kupiga miayo anaruka ukuta."

"Basi anaimba."

Alisema kwa mzaha. Nilicheka, lakini karatasi ile niliikunja kinywa kikawa kwa ndani.

Alhamisi iliyofuata tulipanda gari la abiria asubuhi, mimi na wifi. Bibi alikuwa ametuita chumbani akanishika mkono. "Tazama vyema," akaniambia. "Na mara hino watazame ng'ombe."

Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa chini. Kulikuwa na joto, watoto walilia, mbata ilinuka, na mama wa Kihindi alikuwa benchi lake la mbele na karanga zake. Taa zikazimwa.

Kwanza, hakuwa yeye. Mtu mwenye barakoa aliyetokea juu ya ukuta alikuwa mtu mwingine, mfupi, mashavu yamejaa, na mkanda wa kiunoni ulimbana. Nikajiambia labda ni mwigaji, kaletwa ili yule wa kweli aje amfedheheshe. Nikangoja. Huyo mfupi akapiga hatua tatu, akaruka. Ndiye basi.

Pili, akasema. Hakusema neno moja tu la dharura, kama mtu angesema "moto!" Alisimama uwanjani mbele ya wale waovu akawahutubia, mkono juu, mkono chini, na wao, mijitu yenye bunduki, wakasimama wakamsikiliza. Nilimtazama mama wa Kihindi. Akamwaga maganda ya karanga, akageuka.

"Anasema yeye si mtu mbaya," akafasiri.

Ya Rabbi! Tuliyajua hayo miaka miwili!

Halafu akaimba. Aliimba kwenye bustani, aliimba juu ya farasi, aliimba amefungwa kamba kwenye nguzo. Nyimbo zilikuwa saba, nilizihesabu kwa vidole chini ya buibui kama mtu anayehesabu matusi aliyotukanwa. Na alikuwa na mama! Mama yake akatusimulia alikopata nguvu zake: kulikuwa na tabibu, kulikuwa na dawa katika chupa ya buluu, kulikuwa na radi. Nani aliyeuliza? Sisi tulikaa na nguvu zake miaka miwili bila kutaka chupa.

Lakini kilichonitoa moshi kichwani kilikuja katikati. Tulimwona yuko bustanini na msichana mmoja, na bila ya sababu yoyote, hakuna aliyemkamata wala kumlazimisha, akaivua barakoa akamwonyesha uso. Uso wenyewe ulikuwa wa kawaida, kama wa mtu anayekupimia mchele. Msichana akalia sana. Kufumba na kufumbua yuko tena na barakoa yake, kakutana na msichana yule yule njiani, na msichana anamuuliza: wewe nani?

"Anamuuliza yeye nani," akafasiri mama wa Kihindi.

"Si amemwona juzi!" nikapiga kelele. Mimi, mtoto wa Wambaa, nimepiga kelele mbele ya wanawake wa Chake nzima. Watu wakacheka. Wifi akanivuta buibui.

"Nyamaza, wifi. Tizama, yuwalia."

Nikageuka, na kweli wifi yangu mwenyewe alikuwa analia, kwa raha, ukingo wa ukaya wake wa kichwani umeroa. Alikuwa anaipenda. Aliipenda yote, mama, chupa na nyimbo.

Nisiwe mdhalimu, palikuwa na mahali pamoja. Mle katika bustani na nyimbo zile, gari la ng'ombe lilirudi. Chini yake mara hii alikuwa mzee mwingine, baba yake yule msichana. Mwenye Barakoa akaja, akalishika kwa mkono mmoja. Halikwenda. Akalishika kwa miwili. Halikwenda. Mishipa ya shingo ikamtoka, akapiga goti, na barakoa ikamlowa jasho. Hakusema wala kuimba. Kisha akatokea mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maji, akaweka mtungi wake chini, akaja akashika gurudumu. Akaja mwingine. Akaja mfinyanzi na udongo wake mikononi. Wakainua pamoja, kidogo kidogo, na ng'ombe, niliwatazama kama nilivyoagizwa, walikuwa wamelala chini hoi, hawajui chochote. Gari likainuka. Lakini mzee alikwisha kufa.

Nikainama, nikajifanya natafuta kiatu. Nilikuwa nimeshaamua picha hii ni ovyo, na sikupenda kubembelezwa na mtu aliyekuwa akiniudhi mchana kutwa.

Kwenye gari la kurudi nilikaa dirishani, nikatazama miti. Wifi alikuwa anauimba wimbo wa tatu kinywa kimefungwa.

"Haya, sema," akaniambia baadaye. "Umevimba toka Chake."

"Wamemharibu."

"Wamemharibu vipi? Wamempa mama, wamempa mchumba. Ntu miaka miwili hana hata wa kumpa maji!"

"Hakuwa akitaka maji."

"Weye ndiye hutaki ayanywe. Kwani wataka nini, asiseme maisha?"

"Asiseme," nikamwambia. "Maisha."

Wifi akacheka mpaka wanawake wa viti vya nyuma wakataka kujua kinachochekesha, naye akawaambia. Nusu ya gari wakawa upande wangu, nusu upande wake. Ilikuwa miaka ile ya siasa za vyama, watu wamezoea kugawika hata kwa kisima cha maji, basi hapakuhitajika juhudi. Mpaka tunafika Mkoani walikuwa wanabishana watu ambao picha yenyewe hawajaiona.

Kesho yake baada ya alasiri uani palijaa. Bibi alitolewa nje akawekwa kwenye kiti cha kamba. Nikachukua ukindu wangu, nikakaa. Na hapo nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nilianza kusimulia, na nilipofika pale anapofungua kinywa, sikukifungua. Nikamwacha amesimama uwanjani, mikono kiunoni, na waovu wakaogopa wenyewe. Bustani nikairuka. Chupa ya buluu nikaivunjilia mbali. Mama yake nikamzika kabla hajazaliwa. Nilimrudishia hata urefu wake. Wanawake walikuwa wamenyamaza kama zamani, mikono inasuka yenyewe, na nilihisi ile saa yangu imerudi.

"Si hivyo," akasema wifi.

Alikuwa mlangoni, sindano mkononi.

"Si hivyo hata kidogo, bibi. Anakudanganya. Kasema Mwenye Barakoa! Kasema sana, na kaimba!"

Bibi akainua kichwa. "Kaimba?"

"Mara saba."

"Kaimba vipi?"

Na wifi, Mungu amsamehe, akaimba. Alikuwa na sauti nzuri, hilo siwezi kumnyima. Alizishika nyimbo kwa masikio tu, maneno yake hayakuwa Kihindi wala Kiswahili, lakini wimbo ulikuwa ndio wenyewe. Bibi alianza kupiga kofi kwenye mkono wa kiti. Wanawake wakaacha ukili. Kufikia wimbo wa farasi, mama mkwe alikuwa ametoka jikoni na kifuu mkononi, anatikisa mabega.

"Na weye ulitaka kuninyima hizi?" bibi akaniambia.

"Bibi, zimemharibu. Shujaa haimbi amefungwa kamba."

"Miye nimefungwa macho na naimba."

Wakacheka wote. Nilinyanyuka nikaenda jikoni, nikasugua sufuria iliyokuwa safi. Nilisikia wifi akiendelea na hadithi, bustani na yote, akafika pale msichana anapouliza wewe nani. Akasita.

"Ngoja," ikaja sauti ya bibi. "Si kashamwona uso?"

"Kashamwona."

"Basi vipi hamjui?"

"Ndivyo ilivyokuwa, bibi. Hata wifi alipiga kelele."

"Hadithi haiwi hivyo. Mmoja wenu kadanganya na mwengine kalala." Kisha akapaza sauti ili nimsikie jikoni. "Mtakwenda tena, nyote wawili, mkaitazame vyema, mje mnambie kweli."

Mama mkwe alikereka. Wanawake wawili wa nyumba moja kwenda Chake Alhamisi mbili mfululizo, nani atapika? Mume wangu akasema atakula bandarini. Nadhani alifurahi. Kwa juma zima mimi na wifi hatukuzungumza isipokuwa kwa ajili ya chumvi na mkaa, na yeye alikuwa akishona akiimba, makusudi, kila ninapopita.

Alhamisi ikafika. Mlangoni, mke wa mwenye ukumbi alinikumbuka. "Wewe ndiye uliyepiga kelele juma lililopita," akaniambia huku ananitazama miguu. Nikajua nitafukuzwa. Badala yake akashusha sauti. "Ulikuwa na haki. Fundi alichanganya mikanda ya picha, alitia wa nne kabla ya wa tatu. Wewe peke yako ndiye uliyesema kitu. Wengine wote walilia tu, wakaenda zao."

Nilimtazama wifi. Wifi alitazama ukuta.

Tukakaa. Picha ikaanza, na yule mfupi akatokea, na mkanda ukambana kama awali. Akahutubia. Akaimba. Mama yake akaleta chupa. Nikawa najisikia vizuri, nimekunja mikono, kila kosa liko mahali pake. Kisha ikaja njia, na msichana akamuuliza wewe nani, na sasa swali lilikuwa la haki, kwa kuwa kweli hakumjua. Likaja gari la ng'ombe. Akashindwa kuliinua, wakaja muuza maji na mfinyanzi, gari likainuka, mzee akafa. Halafu, baada ya hayo, ndipo ikaja bustani. Msichana alikuwa amekaa chini peke yake. Mwenye Barakoa akaja nyuma yake, hakuruka ukuta, alipita mlangoni kama mtu yeyote. Akaivua barakoa akaishika mkononi mwake. Akasema maneno machache.

"Anasema," akafasiri mama wa Kihindi, na mara hii alikuwa ameacha karanga, "anasema mimi ndiye niliyeshindwa kumwokoa baba yako. Tazama uso wangu, umjue wa kumlaumu."

Msichana akalia sana. Ule ule uso wa mpima mchele. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka.

Nisidanganye, nililia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kitu kingine. Kwa juma zima nilikuwa nimeshika chuki safi, chuki isiyo na doa, na sasa wameniharibia na hiyo. Picha ingekuwa mbaya yote ningestarehe. Na kabla sijakausha macho, akapanda farasi wake, akafungua kinywa, akaimba! Baada ya msiba! Wimbo wa tano, wa furaha, na watu wakicheza nyuma yake wamevaa sare! Nilitaka kuingia kwenye pazia nimshushe.

"Haya, sasa nini?" akanong'ona wifi.

"Kwa nini asingoje kidogo?" nikasema. "Siku moja tu. Kwa nini asingoje siku moja?"

Wifi hakucheka. Aliwaza. "Hapo una haki," akasema. "Hapo mapema mno."

Hilo ndilo neno la kwanza la maana aliloniambia kwa siku saba, na nililipokea.

Njiani kurudi tulipatana nani atasema nini. Niseme kweli, tuligombana tena kwa hilo. Yeye alitaka nyimbo zote saba, mimi nilitaka kumpa mbili. Tukafika kwenye tano, kwa sharti kwamba ule wa farasi atauimba mwisho kabisa, baada ya picha kwisha, kama si mali ya hadithi. Uani tukakaa bega kwa bega. Mimi nilianza, na nilikiri mbele ya wanawake wote kwamba juma lililopita niliyasema yasiyokuwa. Nilisema kweli kwamba alihutubia. Sikusema alihutubia vizuri. Kila wimbo ulipofika, nilinyamaza na wifi akaimba, kisha akanirudishia.

Bibi alisikiliza bila kuingia kati, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nilipofika kwenye gari la ng'ombe, alinyoosha mkono akawa anaupapasa mguu wa kiti, kama anatafuta gurudumu.

"Kashindwa," akasema.

"Kashindwa, bibi."

"Na ng'ombe?"

"Walikuwa wamelala."

Bibi akatikisa kichwa muda mrefu. Nikadhani atasema picha hii ni bora kuliko ile ya kwanza, na nilikuwa tayari nimeshakunja uso. Au atasema ni mbovu, na hapo pia, ajabu, nilikuwa tayari kuitetea. Nilikuwa nimefika mahali ambapo yeyote atakayesema lolote juu ya picha ile, mimi nitamgeukia.

"Miye huyu wa kwanza ndiye nilompenda," akasema bibi. "Lakini yuno wa pili ningemkaribisha chai."

Basi hivyo ndivyo ilivyobaki nyumbani kwetu. Jioni nyingine walitaka yule wa kimya, nikamleta. Siku nyingine walitaka yule wa nyimbo, tukamleta mimi na wifi pamoja, na kila mara tulibishana mbele ya watu juu ya wimbo wa farasi, mpaka mabishano yenyewe yakawa sehemu ya hadithi, na wanawake wakiona tumeyaruka hutudai. Mume wangu alipouliza kama hatimaye nimeipenda ile picha au sijaipenda, nilimjibu kwa muda wa chakula kizima. Aliacha kula, akanitazama. Hakuwahi kunisikia nikisema namna ile, na mara ile yeye ndiye aliyekosa pa kuingilia.

Mwaka uliofuata wifi aliposwa na mtu wa Makangale, kule mwisho wa kaskazini, karibu na msitu, mbali na sinema yoyote. Siku ya kumsinga, tulipokuwa tukimpaka singo ya manukato mikononi na miguuni, mmoja wa wanawake alianzisha nyimbo za harusi, tukaimba zilizopo. Zilipokwisha, bibi akapaza sauti kutoka kitini kwake akitaka wimbo wa farasi. Wifi hakuweza, biharusi hatakiwi kuimba siku ile, amekaa ameinamisha kichwa. Wanawake wakanigeukia mimi.

Nikasema siujui. Wifi, kichwa chini, akanifinya kidole cha mguu kwa mkono wake wenye singo.

Nikaimba. Niliimba toka mwanzo mpaka mwisho, maneno yasiyokuwa ya lugha yoyote, na sikukosea hata pamoja. Nilikuwa nimeusikia mara mbili ukumbini, na kwa wifi mara elfu. Wanawake walipiga makofi, singo ilikauka viganjani mwangu, na wifi mabega yalikuwa yakimtikisika, sijui kwa kicheko au kwa kilio. Nilikuwa na hasira mpaka ubeti wa mwisho. Wakaniomba niurudie, nikaurudia.